Majike Wanne Nyuma ya Waya

Tulimzika Bwana Magawa Jumamosi iliyopita. Nilikaa mstari wa tatu chini ya turubai pale nyumbani kwake Makole, nikasikiliza mpwa wake akisoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa, alisoma, alioa, aliitumikia idara ya wanyama hadi alipostaafu. Haya yote yalikuwa sawa. Kisha kijana akageuza karatasi akasoma kwamba marehemu ndiye aliyewaokoa mbwa mwitu wa nyanda hizi za kati wasitoweke. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilihisi damu inanipanda mpaka masikioni. Hakuna mbwa mwitu hata mmoja kwenye nyanda hizo leo, na kila aliyekuwa ofisini kwetu wakati ule anajua. Mshereheshaji akauliza kama yupo mfanyakazi mwenzake wa zamani wa kusema neno moja, na wanawake wawili waliokaa karibu yangu wakanigeukia, maana wao wananijua kwa hasira yangu juu ya jambo hili. Nikatikisa kichwa kukataa, nikatazama viatu vyangu. Nilikasirika kwa yale yaliyosomwa, nikakasirika zaidi kwa kukasirika msibani, tena na umri huu. Tangu siku hiyo sijatulia, ndiyo maana nimeketi kuandika mambo ya mwaka ule.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati kila kitu kilikuwa ruksa. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu cha wanyamapori, nikapangiwa Dodoma, nikapata chumba cha uani kwa Mama Neema hapo hapo Makole. Bwana Magawa, mkuu wangu wa kazi, alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, na ndiye aliyenitafutia chumba. Kilikuwa chumba cha kitanda, meza na msumari mmoja wa kutundikia nguo, kikipakana na jiko. Ukuta haukufika juu kabisa, kwa hiyo kila lililosemwa jikoni nililisikia, na kila nilichopikiwa nilikijua kwa harufu kabla sijaitwa: mlenda wa kukausha uliotiwa karanga, ugali wa uwele, siku za bahati maziwa ya mgando. Mazungumzo ya jikoni mwaka ule yalikuwa ya vitu vipya. Sabuni za rangi zote zimejaa sokoni, mitumba imefika hadi vijijini, fulani amenunua televisheni na deki ya video na anawatoza majirani kiingilio. Na lilikuwapo neno jipya ambalo Mama Neema alilitamka kama jina la mgonjwa, "mwekezaji". Mwekezaji amechukua kiwanda, mwekezaji ameonekana Makutupora anatazama mizabibu. Kwetu ofisini mwekezaji alikuwa amechukua ranchi ya zamani ya serikali kwenye barabara ya Kondoa, akaizungushia waya mrefu, akasema anataka wanyama wa kuonyesha watalii.

Nimwelezee Bwana Magawa kwa haki, maana sasa hawezi kujibu. Hakuwa mjinga wala mvivu. Alikuwa mtu wa ng'ombe. Alikuwa amekulia zizini, na kabla ya kuhamia wanyamapori alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye ranchi hiyo hiyo, akijua kila dume na kila ndama. Hata fomu yetu ya kuhesabia wanyama aliitoa huko, yenye safu ya madume, safu ya majike na safu ya ndama, na neno "ndama" limekatwa kwa kalamu kuandikwa "watoto". Kwa mtu wa ng'ombe hesabu ni nyepesi. Ukiwa na dume moja zuri na majike wa kutosha, una kundi, na dume hilo haliulizi yupi ni binti yake. Mfugaji akiona damu imechoka anaazima dume kwa jirani, basi. Mawazo hayo yalikuwa yamemlisha yeye na baba yake, na aliyahamishia kwa mbwa mwitu bila kusita.

Lakini mbwa mwitu si ng'ombe. Hilo nililijua kidogo kwa vitabu, na kwa sehemu kubwa nilifundishwa na Issa. Issa alikuwa mfuata nyayo wetu, mtu wa Kondoa wa umri wa miaka kama thelathini na tano, mwenye jino bovu alilokataa kulipeleka hospitali na maneno ya kejeli kwa kila mtu. Kundi letu lilikuwa la mbwa kumi na mmoja, na kwa kadiri tulivyojua ndio pekee waliobaki upande ule. Wengine walikuwa wameuawa kwa sumu ya wafugaji, na sikuwalaumu sana wafugaji, maana mbuzi ni wao. Kila mbwa alikuwa na madoa yake, ya njano, meusi na meupe, nami niliyachora kwenye daftari ubavu kwa ubavu mpaka nikawatambua wote. Jike mkubwa mmoja tu ndiye aliyezaa, na dume mmoja tu ndiye aliyekuwa mumewe. Wengine wote walikuwa watoto wao wa miaka tofauti, ambao kazi yao ilikuwa kuwinda, kurudi pangoni na kuwatapikia nyama wadogo zao. Nikamwambia Issa kwamba kwenye fomu tunaandika kumi na mmoja, wakati wanaozaa ni wawili. "Sasa ndiyo umeanza kuhesabu, dada," akasema. "Hao wengine ni wafanyakazi wa ndani."

Na wafanyakazi hao wa ndani walikuwa na utaratibu wao. Majike wakikomaa huondoka kwao, dada kwa dada, wakatembea siku nyingi hadi wakutane na madume wa kundi jingine walioondoka kwao vilevile, na hapo ndipo kundi jipya linapozaliwa. Wasipokutana na mgeni, hawazai. Ndugu na ndugu hulala pamoja wamerundikana kama viazi kwenye gunia, wakala mzoga mmoja, wakafa kwa ajili ya kila mmoja, lakini hawapandani. Leo wataalamu wanazungumza habari za vinasaba, na jinsi kundi dogo linavyodhoofika damu ikizunguka palepale. Mbwa hawa walikuwa wamejiwekea kinga yao dhidi ya jambo hilo, na kinga hiyo hiyo ndiyo ingewamaliza endapo mtu angewafungia ndugu watupu mahali pamoja.

Sisi ndivyo tulivyofanya. Mwezi wa sita tulikamata kundi zima ili tulipeleke ranchi, mbali na mbuzi na mbali na sumu. Bwana Magawa alisisitiza tusimwache hata mmoja. "Familia haivunjwi," alisema, na aliisema kwa upole wa kweli. Dawa ya usingizi ilikuwa kidogo na iligawiwa kwa kukisia. Kumi waliamka. Jike mkubwa, mama yao, hakuamka. Nilikaa naye chini ya mti wa mgunga, mkono wangu juu ya mbavu zake, hadi Issa akanigusa bega akasema gari linangoja. Tukawafungulia ranchini madume sita na majike wanne, baba na watoto wake, ndugu watupu.

Nilikwenda ofisini kesho yake nikiwa sijalala vizuri. Bwana Magawa alikuwa anajaza fomu.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Kaa, binti. Madume sita, majike wanne, sivyo?"

"Ndivyo, Mkuu. Lakini ni ndugu. Mama yao ndiye aliyekufa. Hawa hawatazaa."

"Baba yao yupo hai?"

"Yupo."

"Mzima?"

"Mzima, Mkuu, lakini hatawagusa binti zake. Hawa si ng'ombe."

Akaweka kalamu chini, akanitazama bila ukali. "Mnyama ni mnyama, Rehema. Ukoo ni mambo ya watu. Wape muda wazoee."

Nikamweleza kwamba Issa ameona nyayo za madume wawili wageni upande wa kaskazini wa Makutupora, hawana kundi, na kwamba tungeweza kuwakamata tukawaingiza ranchi kwa wale majike. Akasema dawa imekwisha, mwekezaji ameridhika na kumi, na ripoti imeshaandikwa. Nikarudi tena wiki iliyofuata, na nyingine tena. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na nilidhani kwamba ukisema jambo la kweli mara tatu litasikika. Watu wa masijala walianza kuniita Mama Mbwa. Nilikuwa nikitoka mle nimekunja ngumi mifukoni, nikipita katikati ya wauza mitumba wanaoniita "dada karibu, dada chagua", natamani kumpiga mtu.

Mwezi wa nane wakaja wageni kumposa Neema, binti wa mwenye nyumba wangu. Kijana mwenyewe alikuwa karani mahakamani, mpole, tayari sote tulimpenda. Mama Neema alichinja majogoo wawili. Bwana Magawa, akiwa baba mdogo, ndiye aliyekaa kwenye kiti kikubwa sebuleni kwa niaba ya kaka yake, na alikuwa ameleta kapu la zabibu kutoka Makutupora. Mimi na Neema tulikuwa jikoni tukisikiliza kupitia mlango. Zilipoisha salamu na utani, wazee wakaanza kuulizana kama inavyotakiwa: ukoo gani, mmetokea wapi, bibi mzaa mama alikuwa binti wa nani. Waliulizana taratibu, wakirudi nyuma kizazi baada ya kizazi, na kadiri walivyorudi ndivyo sauti zilivyopungua. Kisha nikamsikia Bwana Magawa akitaja jina moja la ukoo mara mbili. Mzee wa upande wa pili akalirudia.

"Basi hawa ni ndugu," Bwana Magawa akasema. "Ni wa mbali, lakini ni ndugu. Hapa hakuna ndoa."

Hakuna aliyebisha. Neema aliendelea kupepeta mchele ambao ulikwisha kupepetwa. Nilitaka kumshika mkono, akausogeza. Baada ya hapo ilibidi chakula kiliwe, maana huwezi kumwondoa mgeni na njaa, nami ndiye niliyepita na birika la kunawisha. Walikula kuku wale kana kwamba wako msibani. Nilipomfikia Bwana Magawa na maji, kitu kikanisukuma. Sijui niite nini. Nilikuwa nimeona haki yangu imewekwa wazi mezani, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka.

"Unaona, Baba," nikasema, na kila mtu alisikia, "hata mbwa wetu kule ranchi wanakataa jambo hili hili."

Nakumbuka maji yakidondoka kutoka vidoleni mwake kwenye beseni. Mzee wa wageni aliacha kutafuna. Karani wetu mpole akainamisha uso.

"Umewalinganisha wageni wangu na mbwa?" Bwana Magawa akauliza, kwa sauti ya chini kabisa.

"Hapana, Baba, nilitaka kusema..."

"Nimesikia ulichosema. Weka birika, utoke."

Nikatoka. Mama Neema hakuongea nami kwa siku tisa. Aliniwekea sahani yangu kwenye kizingiti, akagonga mlango mara moja, akaenda zake. Nilikuwa sahihi kuhusu mbwa na nilikuwa nimemtukana mtu mbele ya watu waliotaka kuwa wakwe, siku ambayo binti wa watu amevunjwa moyo. Hata leo nikilikumbuka naona aibu, na katikati ya aibu bado nasikia sauti inasema, lakini si ilikuwa kweli? Hiyo ndiyo tabia yangu, na haijanisaidia popote. Kuanzia hapo Bwana Magawa hakutaka kusikia neno "ndugu" kutoka kinywani mwangu. Mwisho wa mwezi alinihamishia ranchi kabisa, nikaishi kwenye nyumba ya bati karibu na lango, mimi, Issa na mpishi mmoja wa mwekezaji aliyekuwa Kondoa zaidi kuliko alivyokuwa kazini.

Kule nilikuwa na muda wa kutazama nilivyotabiri vikitimia, na hakuna kazi inayochosha kama hiyo. Majike wanne walikuwa wazima, wamenenepa. Kila asubuhi walitembea kandokando ya waya, wanakwenda hadi kona, wanarudi, mpaka wakachimba njia yao chini. Walikuwa wanataka kuondoka kama dada wanavyoondoka. Madume walilala kivulini. Baba yao alikuwa akimtafuta mkewe kwa kunusa ndani ya kreti tuliyowasafirishia, ambayo hakuna aliyejishughulisha kuiondoa. Niliandika kwenye fomu kila mwezi hesabu ileile, na ofisini, nasikia, ilikuwa ikipokelewa kama habari njema kwa sababu haikupungua.

Kisha mwezi wa kumi, Jumapili asubuhi, kabla jua halijawa kali, Issa akaja dirishani akasema, "Dada, una wageni."

Walikuwa madume wawili nje ya waya, vijana, miguu mirefu, mmoja ameumia sikio. Ndio wale wenye nyayo za Makutupora. Majike wetu wanne walikuwa wamejipanga upande wa ndani, mikia juu, wanalia ile sauti yao ndogo kama ya ndege. Pua kwa pua walinusana kupitia matundu. Madume wa ndani walisimama mbali, wakabweka kidogo, wakaacha. Sijawahi kuona kitu kilichonifurahisha namna ile, na nasema hivyo nikiwa nimezaa watoto watatu. Nilikuwa nimesimama na gauni la kulalia na koti la Issa, nalia.

"Ufunguo ninao," Issa akasema. "Tufungue lango la huku. Majike watatoka, madume watabaki na baba yao. Wale watakwenda zao porini, mwakani una watoto."

"Tutapoteza majike wote wanne," nikasema. "Wako kwenye orodha ya mwekezaji. Wakilishwa sumu huko nje?"

"Na wakibaki humu?"

Nilijua jibu kuliko mtu yeyote Tanzania nzima. Lakini nilikuwa tayari nimeadhibiwa mara moja kwa kusema bila kuruhusiwa, na niliona, Mungu anisamehe, namna nitakavyomshinda Bwana Magawa safari hii kwa kufuata utaratibu. Ningeandika dokezo kamili. Yeye angekataa kwa maandishi, na ingekuwa imeandikwa milele kwamba ndiye aliyekataa. Nikaandika kurasa mbili, nikampa kondakta wa basi la Kondoa linaloelekea Dodoma, nikamwomba alifikishe mkononi mwa Bwana Magawa.

"Tusubiri kibali," nikamwambia Issa.

"Kibali," Issa akasema. Akatema mate pembeni, akashika shavu lenye jino.

Jumapili nzima walikuwapo. Jumatatu walikuwapo. Walilala wakiwa wameegemea waya, majike ndani, madume nje, migongo imegusana. Jumatatu hiyo basi la kurudi halikupita, tukasikia limeharibika njiani. Issa aliniuliza tena, nikasema tusubiri. Jumanne aliweka ufunguo mezani mbele ya uji wangu, akatoka. Nilikunywa uji. Nilikaa na ufunguo ule mezani hadi mchana, jua likapasua bati juu yangu, nami nikijipangia maneno nitakayosema siku kamati ya idara itakapomuuliza Bwana Magawa kwa nini alikataa. Niliyapanga vizuri sana. Jioni nikamrudishia Issa ufunguo wake.

Jumatano asubuhi wageni hawakuwapo. Issa alifuata nyayo hadi mtoni, akarudi akasema wamekwenda mbali, wanatembea mwendo wa wasiokusudia kurudi. Majike walikaa pale pale kwenye waya siku nzima, hawakula. Hatukuwaona tena wale wawili, wala hatukusikia habari zao. Mbwa wetu kumi walizeeka mle ndani mmoja baada ya mwingine, na katika miaka yote hiyo hakuzaliwa hata mtoto mmoja. Jike wa mwisho alikufa mimi nikiwa nimeshahamia mkoa mwingine. Kisa hiki nimekisimulia vyuoni, semina kwa semina, na vijana wengi wanajua kwamba kundi zima lilikufa kwa sababu mtu wa ng'ombe alikataa kusikia. Na ni kweli alikataa, mwezi wa sita, wa saba na wa nane.

Lakini Jumatano ile, saa kumi alasiri, basi la Kondoa lilisimama langoni na kondakta akanirushia bahasha. Ndani yake kulikuwa na dokezo langu mwenyewe, na chini yake mwandiko wa Bwana Magawa, uliopigwa tarehe ya Jumatatu: "Nimesoma. Huenda una haki, binti. Fungua leo hii, usingoje barua nyingine." Issa alikuwa amesimama nyuma yangu akisubiri nimsomee. Nilimwambia amekataa.